Goli la Shemeji

Ilianza na redio ya Pancha. Jumatatu, saa nne asubuhi, Pancha kainamia beseni la maji anatafuta tundu kwenye tyubu, Mwalimu Pembetatu kakalia tairi la lori na gazeti lake, na mimi nipo kwenye cherehani yangu pale ukutani, nampunguzia mtu kiuno cha suruali. Mtangazaji akasema refa wa mechi ya juzi, ile ya goli lililokataliwa baada ya kuangaliwa kwenye video dakika saba nzima, amefungiwa mechi kumi.

Pancha akaiachia tyubu ikaelea. "Kumi tu? Huyo wa kufungiwa mpaka wajukuu zake!"

"Haki ya Mungu," nikasema.

"Dakika saba! Mimi dakika saba nafungua tairi, naziba, najaza upepo, mteja kashafika kwake. Yeye yupo kwenye kioo anaangalia goti la mtu!"

"Halikuwa goti," akasema Pembetatu bila kuinua uso. Alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, akastaafu yeye, hesabu haikustaafu. "Lilikuwa bega. Wamechora mstari kutoka begani mpaka kwenye nyasi. Picha yake hii hapa gazetini, nimeupima kwa rula. Mstari umepinda."

"Mwalimu, gazeti lenyewe limekunjwa."

"Nililinyoosha kwanza!"

Hapo wote tukageuka kumtazama Spika, maana zamu yake ilikuwa imefika. Spika anauza mitumba kwa kunadi. Akitaja bei ya shati hapa, mtaa wa tatu watu wanajipapasa mifuko. Na kwa kuwatukana marefa hana mpinzani. Miaka yote niliyomjua hajawahi kukutana na refa ambaye hajanunuliwa. Hata ile siku watoto wa chekechea walipocheza, na refa akiwa mwalimu wao wa kuimba, Spika alisema yule mama kalamba kitu.

Lakini asubuhi hiyo alikuwa kajikunyata juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachora chora chini kwa kijiti.

"Refa naye ni binadamu," akasema.

Spana ikamponyoka Pancha. "Rudia."

"Nimesema refa naye ni binadamu. Ana macho mawili tu kama wewe. Yuko peke yake mle ndani, uwanja mzima unampigia kelele, hana hata wa kumuuliza."

Pembetatu akavua miwani. "Huyu anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Umesahau jana alishika filimbi?"

Jana, kwa ambaye hakuwepo, mafundi seremala walicheza na wachukuzi wa sokoni kugombea seti ya jezi mpya. Refa aliyepangwa akapeleka ujumbe kwamba tumbo limemkamata. Watu wakapiga kelele, "Mpeni Spika, si ndiye anayejua!" Spika akaipokea filimbi kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Dakika ya themanini na tisa, bila bila, straika wa seremala akaachia shuti. Na straika mwenyewe si mwingine, ni mdogo wake mke wa Spika, shemeji yake kabisa. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadundia chini pale pale kwenye mstari, ukarudi uwanjani. Uwanja ukalipuka. Spika akapuliza filimbi na kupunga mikono: hakuna goli. Zikapigwa penalti, shemeji akapaisha ya kwake, jezi zikaenda sokoni. Mama mkwe wa Spika, aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani kumtazama mwanawe, alikikunja kile kiti akaondoka bila kumuaga mtu.

"Lilikuwa goli," akasema Pancha.

"Halikuwa."

"Mimi nilikuwa nyuma ya nyavu! Niliona kwa macho haya mawili. Mpira ulivuka mstari, nafasi iliyobaki unapitisha beseni hili na maji yake."

"Beseni hapana," akasema Pembetatu. "Tusitie chumvi. Sentimita kumi na nne. Nilikuwa nimeweka kiti usawa wa mstari kabisa."

Na mimi nikaapa. Nilisema niliona chokaa ya mstari ikiruka vumbi na kuangukia ndani ya goli. Hata sijui hiyo chokaa niliitoa wapi, lakini ilivyotoka mdomoni ilikuwa nzuri sana.

"Sasa nyinyi," akasema Spika, "kama ningekubali, si mngesema nimembeba shemeji yangu?"

"Tungesema."

"Enhe!"

"Kwa hiyo ulilikataa kwa sababu ni shemeji yako!"

"Nililikataa kwa sababu halikuwa goli!"

"Uliliona?"

"Refa haulizwi maswali hayo."

Pancha akamtazama juu mpaka chini. "Nyumbani kukoje?"

"Kuzuri."

"Umelala wapi?"

"Kochi la sebuleni ni zuri kwa mgongo."

"Na hilo shati mbona lina karatasi ya bei?"

Spika akashika kola haraka, akaing'oa ile karatasi. Ikabidi aseme. Mke wake alikuwa amefunga mlango wa chumbani tangu jana jioni, kabati lipo ndani, nguo zake zote zipo ndani ya kabati. Asubuhi alipitia kwenye marobota yake akachagua shati la kuvaa, na kiatu cha kushoto alichokipata ni saizi nyingine.

"Lakini mbona sisi tuna VAR yetu?" akasema Pancha ghafla. "Zumu alikuwepo na kamera!"

Zumu ni mpiga video wa maharusi. Mgeni rasmi wa jana ndiye aliyemkodi. Alipopigiwa simu akaja na kompyuta yake kaifunga taulo kama kichanga, tukaiweka juu ya matairi matatu. Jua lilikuwa linapiga kioo, hatuoni kitu, Pancha akaleta turubai tukajifunika watu watano vichwa. Joto la humo sitalisahau. Harufu ya gundi, jasho la Pembetatu, na Spika anapumua kama baiskeli inayotoa upepo.

Video ikaanza kwa maua. Maua yakafunguka, wakatoka vipepeo, katikati yakaandikwa maneno ya dhahabu: Hongera Bwana na Bibi. Nyuma kinanda kinalia.

"Hii nini?"

"Ndivyo zinavyoanza zangu zote," akasema Zumu. "Sijapata muda wa kubadilisha."

"Peleka mbele. Dakika ya themanini na tisa."

Akapeleka. Tukamwona shemeji anapokea mpira kifuani. Akaushusha chini, akamzunguka beki, akavuta mguu wa kulia nyuma, akapiga, mpira ukaondoka, na kamera ikageukia kwa watazamaji.

"Wee! Rudisha!"

Akarudisha. Akapiga, mpira ukaondoka, kamera hiyoo, kwa watazamaji.

"Zumu! Mbona unageuza?"

"Mazoea. Harusini watu wakianza kushangilia nageuzia kwa wageni. Keki hainunui kanda. Wanaonunua ni wale wenye sura."

"Lakini ule ulikuwa mpira!"

"Kelele ni kelele, kaka."

Pancha akaanza kumtukana hadi kamera yenyewe. Spika ndiye aliyesema polepole, "Ngoja kwanza. Simamisha hapo hapo. Yule nyuma ya goli ni nani?"

Tukasogeza macho. Nyuma ya goli kulikuwa na mtu kaupa uwanja mgongo, kainama, anajaza upepo baiskeli ya mtu.

"Sijui," akasema Pancha.

"Ovaroli imeandikwa nini mgongoni?"

"Wapo Pancha wengi."

"Peleka mbele kidogo. Hapo. Na yule kwenye kiti, usawa wa mstari kabisa?"

Alikuwa Pembetatu, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, gazeti limelala kifuani linapanda na kushuka.

"Nilikuwa nimefumba kwa sababu ya jua," akasema Mwalimu.

"Jua lilikuwa nyuma yako."

"Mwanga unarudi, bwana. Kuna pembe ya kwenda na pembe ya kurudi..."

Mimi nikaanza kujitoa chini ya turubai, nikikumbuka nina kazi ya watu. Spika akanidaka mkono. Kwenye kioo nilionekana vizuri sana. Nilikuwa nimechutama nyuma ya mama mmoja mnene, nimejiziba uso kwa kofia, kwa sababu safu mbili mbele yangu alikaa mwenye suruali, ile ile niliyokuwa napunguza kiuno, ambayo nilimwapia ingekuwa tayari Ijumaa.

Spika akatupa turubai pembeni, akapanda juu ya ndoo. Sauti ikawa imerudi yote.

"Njooni muone mashahidi! Mashahidi wa daraja la kwanza! Huyu hapa kaona goli kwa mgongo, ovaroli ya bluu, haichuji! Huyu msomi kaona goli usingizini, amelipima na sentimita zake! Na huyu mshonaji, kaona chokaa kupitia kofia! Wote watatu kwa bei ya mmoja! Nani anaongeza?"

Watu wa duka la jirani wakatoka nje. Pancha anatafuta spana ambayo kaishika mkononi. Nakwambia tulikuwa tumekwisha.

"Inaendelea," akasema Zumu kwa upole.

"Nini?"

"Video. Nikimaliza wageni huwa namtafuta bwana harusi."

Tukarudi chini ya turubai. Kamera ikaacha watazamaji, ikavuka uwanja, ikamtafuta Spika pale kwenye kona ya boksi, ikamvuta karibu mpaka uso ukajaa kioo. Zumu mwenyewe hapo aliweka mwendo wa taratibu, ule wa bibi harusi akishuka kwenye gari. Mashavu yakavimba polepole. Filimbi ikatetemeka mdomoni. Na macho yalikuwa yamefumbwa, yamekazwa kabisa, kama ya mtu anayemeza dawa chungu.

Kinanda bado kinalia.

"Umefumba macho," akasema Pembetatu.

"Nimepepesa."

"Zumu, ni muda gani?"

"Sekunde nne. Kwa mwendo wa kawaida, sio huu."

"Ulipofumba mpira ulikuwa wapi?" akauliza Pancha.

"Mguuni kwa shemeji."

"Ulipofumbua?"

"Ulishatoka."

"Na hapo katikati?"

Spika akatazama kile kiatu chake cha saizi nyingine. "Hapo katikati nilisikia kelele."

Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Nilimwona shemeji anavuta mguu. Nikajua sasa hivi nitatakiwa kuamua. Upande huu mama mkwe na kiti chake. Upande ule wachukuzi, mnayaona yale mabega yao. Nikasema Ee Mungu, mpira huu na uende mawinguni, usije kunifanya niamue. Nikafumba. Kelele zilipokuja nikapuliza, na mikono ikajipunga yenyewe. Sijui lilikuwa goli. Naapa sijui."

Tulimhurumia, kama kwa sekunde moja hivi. Ya pili Pancha alishafungua mdomo kucheka, ndipo sauti ya mwanamke ikasikika nje ya turubai.

"Mume wangu yumo humo?"

Spika akachutama.

Tukatoka mmoja mmoja. Mke wake kasimama na furushi kubwa begani, jasho linamtiririka. Akalibwaga chini. Zilikuwa nguo za Spika, zote, na kofia yake ya sikukuu juu.

"Nimemletea aziuze pamoja na hizo nyingine," akasema. "Hawezi kupata shida, sauti anayo."

"Shemeji, karibu ukae, hili tairi ni safi," akasema Pancha.

"Sikai. Mama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Analia. Anasema mkwe wake kamuonea mwanawe mbele ya watu wote, kamuonea kwa makusudi, ili aonekane mtu wa haki. Nami nimekuja aniambie hapa, usoni, kwa nini kamuonea mdogo wangu?"

Spika alichungulia kutoka chini ya turubai. Ndipo Zumu, ambaye huwa haongei kama hajaulizwa, akageuza kompyuta, akamwekea mke wa Spika kivuli kwa taulo, akabonyeza.

Aliangalia mara ya kwanza. Akasema, "Rudisha." Akaangalia mara ya pili, ameinama hadi pua inakaribia kioo.

"Huyu ni yeye?"

"Ni yeye, shemeji."

"Macho amefumba?"

"Sekunde nne," akasema Pembetatu.

Akamgeukia mumewe. Nikaona midomo inamcheza. Akajaribu kuikaza, ikamshinda. Akacheka mpaka akalikalia lile tairi alilolikataa, akajipiga mapaja, machozi yakamtoka.

"Jamani mama yangu! Analia eti umemuonea mwanawe. Kumbe hata kumuona hukumuona!"

Duka la jirani lote likaangua kicheko. Spika naye akacheka, kidogo, kwa uangalifu, akimtazama kama inaruhusiwa.

"Inuka," mke wake akasema akijifuta macho. "Twende kwa mama, ukamwambie hivyo hivyo ulivyo."

"Nimwambie nilifumba macho? Mimi? Mtaa mzima unanijua!"

"Au apelekewe video na Zumu, ile yenye vipepeo?"

Spika alibeba furushi lake kichwani. Wakaondoka, yeye mbele anachechemea na kiatu cha watu, mke wake nyuma bado anacheka kwa vipindi. Pancha akarudi kwenye beseni. Mimi nikashika mkasi. Zumu akaanza kufunga taulo lake.

Walipofika kwenye kona, Spika akasimama, akageuka na furushi lake.

"Lakini halikuwa goli!" akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia.

Tukasimama wote watatu, ovaroli, gazeti na mkasi, tukamjibu kwa pamoja:

"Lilikuwa goli! Tuliliona!"