Buti Zilizonitangulia Kushuka

Leo nimeumbuka. Niseme mapema nilichofanya, mnicheke mara moja tuendelee: juu ya kilima chenye theluji, kwa hiari yangu, bila mtu kunilazimisha, nimevua buti. Nimevua ili nivae viatu vya harusi vya tonton, mjomba wangu, na nipigwe picha.

(Tonton, kama unasoma hapa, hivyo ni viatu vya mtu mwingine vinavyofanana na vyako.)

Bon. Ilianza Ijumaa. Nilileta nyumbani karatasi ya shule. Darasa letu linaenda Uswisi siku sita kujifunza kuteleza kwenye theluji, na karatasi inataka sahihi ya mzazi kabla ya kesho asubuhi. Darasa zima linaenda, hata yule jamaa anayelia akiona mbwa. Maman aliisoma pande zote mbili, pamoja na upande usio na maandishi.

"We mutoto," akasema, "ngazi ya metro inakushinda, njo unataka kupanda montagne ya Suisse?"

"Maman, mimi niko sportif."

"Sportif ya wapi? Bon. Dimanche, Jumapili hii, utaenda na mimi na club. Ukipanda na ukashuka na miguu yako mwenyewe, bila histoire, bila makelele, nitasaini. Ukikosa, utabakia hapa na mimi."

Club ni ya kutembea, ya parokia yetu hapa Schaerbeek, Ubelgiji. Maman alijiunga baada ya daktari kumwambia atembee. Ina watu kumi na wawili, na ukimtoa maman, mdogo wao ana miaka hamsini na nane. Kiongozi ni Mademoiselle Godelieve, Mbelgiji, soixante-treize ans, miaka sabini na mitatu, ambaye zamani alifundisha wasichana Likasi, Kongo, na mpaka leo anasema Kiswahili cha kule kunishinda mimi. Nikajiambia: nikishindwa na hawa, niache kuishi na watu.

Jana tukalala kwenye nyumba ya wageni huko Ardennes. Leo asubuhi, kilima. Ni kidogo, tusidanganyane. Maman alipokiona kwenye dirisha la basi alisema kwao Lubumbashi kuna rundo la taka za mgodi linalokishinda. Ila theluji ilikuwa inafika magotini (kwangu, kwa maman ilifika juu zaidi).

Sasa hapa lazima niwe mkweli. Wale wazee wanatisha. Mademoiselle Godelieve alikwenda mbele akipiga theluji kwa ncha ya buti, anatengeneza ngazi, hatua moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayepiga mihuri posta. Nyuma yake maman. Hajawahi kupanda theluji maishani mwake. Juu ya suruali nene alikuwa amefunga kikwembe chake, yaani kitenge, cha buluu, kama siku zote akitoka nyumbani, na asubuhi nilikuwa nimemwomba akivue maana niliona aibu. Dakika ishirini baadaye kikwembe kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiona mbele yangu, na kilizidi kuwa kidogo. Maman aliweka mguu palepale Mademoiselle alipoweka wake, hakukimbia, hakusimama, na wakati wote anasimulia habari za kwaya. Anasimulia. Anapanda. Pumzi zinatosha kwa vyote viwili.

Mimi nilisimama mara nne kufunga kamba za buti. (Kamba zilikuwa zimefungwa.)

Lakini nikafika juu. Kwa miguu yangu. Nusu ya mkataba imekwisha, Uswisi naiona. Wazee wakatoa thermos, maman akatoa beignets, maandazi yetu, Wabelgiji wakamzunguka kama njiwa. Nami nikajitenga nyuma ya misonobari na begi langu.

Ndani ya begi, kwenye taulo: viatu vya tonton. Ngozi nyekundu, ncha kali, soli laini kama sahani. Mnajua sisi Wakongo na mavazi. Binamu zangu wa Lubumbashi hawawezi kuniona nimevaa buti za mpira zilizonunuliwa soko la vitu kuukuu. Theluji nyeupe, kiatu chekundu: mtandaoni ningeongelewa mpaka Pasaka. Nikakaa juu ya jiwe, nikavua buti, nikazipanga nyuma yangu vizuri, nikavaa. Nikamwita Mademoiselle Godelieve, nikampa simu.

Aliniangalia kuanzia juu hadi chini. Akainua simu.

"Kijana, rudia nyuma kidogo. Bilato haionekane."

Bilato ndiyo viatu, na viatu ndiyo sababu ya picha. Donc nikarudi nyuma kidogo. Nikaweka mkono mfukoni, nikainua kidevu, nikatupa mguu nyuma kwa mtindo. Kisigino kikagusa kitu.

Buti ya kwanza iliondoka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha. Nikaikimbilia. Mnakumbuka nilikuwa nimevaa nini. Nikaanguka, nikaisukuma ya pili kwa mgongo, nayo ikamfuata mwenzake. Zikapita katikati ya misonobari zikiongeza mwendo. Upande ule kuna korongo, na chini ya korongo kuna kijito. Tukasikia: chubwi. Tukangoja kidogo. Chubwi.

Maman akatokea na beignet mkononi.

"Bilato yako iko wapi?"

"Imetangulia, maman."

Mademoiselle Godelieve alikuwa ameshaanza kuteremka korongoni. Soixante-treize ans, jamani. Alishuka kwa visigino, akishika shina la huku na la kule, akapotea kabisa. Mimi kijana wa miaka kumi na sita nimekaa kwenye jiwe kama bibi harusi. Baada ya robo saa akapanda tena, hahemi, ana buti moja mkononi. Akaigeuza. Maji yakatoka, pamoja na majani.

"Ya pili inaenda na maji mpaka Liège," akasema.

Nikasimama haraka. Mkataba ulisema miguu yangu, haukutaja viatu. "Maman, nitashuka tu na hivi."

"Shuka."

Hatua ya kwanza, chini.

"Shuka tena."

Chini.

Maman alihesabu kwa Kifaransa. Alipofika huit, yaani nane, akafungua kikwembe kiunoni. Mademoiselle akatoa begini mwake mfuko mkubwa wa plastiki wa rangi ya chungwa, wa kuwafungia watu waliovunjika mguu milimani. Anaubeba kila safari, miaka yote, hajawahi kuutumia. Alionekana kufurahi kiasi. Nikaambiwa niingie, nikae, nitulie. Kikwembe kikapita chini ya makwapa yangu, maman akakishika nyuma kwa mikono miwili, Mademoiselle akatangulia kuonyesha njia. Tukashuka hivyo. Mimi nateleza mbele, maman ananizuia nyuma kama mbuzi wa sikukuu anayetaka kukimbia.

Na hakuanguka hata mara moja. Kilo zangu sitini na nane zinamvuta mteremkoni, yeye anachimba visigino, ananiachia kidogo, ananibana, ananiachia. Ningekuwa naangalia mtu mwingine kwenye mfuko, ningepiga makofi.

Shida ni kwamba saa hiyo familia zote za Ubelgiji zilikuwa zinapanda na watoto wao.

"Pardon, pardon," maman akawaambia wote kwa adabu. "Tunashusha mtoto." Hiyo alisema kwa Kifaransa, ili waelewe vizuri.

Kavulana kamoja kakasimama, kakamuuliza baba yake kama yule bwana amekufa. Baba akatazama ncha mbili nyekundu zilizochungulia nje ya plastiki.

"Hapana," akasema. "Anaenda harusini."

Mpaka kwenye maegesho. Saa nzima. Klabu yote nyuma yetu kwa mstari, ikiimba.

Ndani ya basi maman alilala kichwa juu, amechoka vizuri, uso unang'aa. Mimi nilikuwa na soksi mbili na taulo. Nilijua nimebaki Schaerbeek. Nikaanza hata kupanga uongo wa kuwaambia wenzangu darasani.

Tumefika nyumbani, amekunywa chai, amevaa miwani, amevuta ile karatasi. Ameandika kwa muda mrefu kuliko sahihi ya mtu mmoja. Kisha amenisukumia. Na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Utaenda. Lakini muntu wa kukushusha lazima akuwe. Donc hapa chini, pa fasi ya parent accompagnateur, muzazi wa kusindikiza batoto, nimeandika jina yangu."