Mimi na Mashine ya Kusugua Nyuzi za Kioo

Jumatatu, 9 Juni

Imeletwa! Kubwa kama friji, kimya kama mkwe ugenini. Kazi yake ni kung'arisha ncha za nyuzi za kioo, zile zinazopitisha intaneti. Uzi wenyewe mwembamba kama unywele, na ncha ikiwa na mkwaruzo, mwanga haupiti vizuri. Kazi hiyo nimeifanya kwa mkono miaka kumi na tisa. Msasa laini, tone la maji, unachora namba nane. Mimi nasugua moja moja. Yenyewe ishirini na nne kwa mpigo!

Injinia, binti mpole wa rika la mwanangu, kaniomba niifundishe. Eti, "Mzee, bila wewe hili ni bati tu." Nikatabasamu. Moyoni nikasema: nichimbiwe kaburi, na jembe niazime mimi? Nimempa vipimo vya uongo. Iguse kioo kama inampapasa mtoto mchanga, na itumie muda mara tatu ya wangu. Itajikokota kama kobe. Kabla ya Ijumaa Meneja ataichoka.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Mkaguzi wetu ni Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye jicho lisilojua kusamehe. Kaziweka ncha za mashine chini ya hadubini. Kisha akatangaza kwamba tangu aajiriwe hajaona ncha safi namna hii.

Meneja kanipa mkono mbele ya watu. Injinia nusura alie kwa shukrani. Kumbe miaka yote hii mimi nakandamiza na kuharakisha! Shemeji kaongeza, bila kuulizwa, kwamba hilo alilisema zamani.

Chakula cha mchana nimekula peke yangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa. Adui wa kioo ni uchafu. Nimeingia na biskuti mfukoni, marufuku kabisa chumba kile. Wenzangu walipotoka kunywa chai, nikaiinamia trei iliyokuwa mbele ya mashine, nikatafuna mdomo wazi. Makombo yakanyesha. Nikaondoka napiga mluzi.

Saa tisa Shemeji kapita kaibeba trei. Ubavuni ina alama nyekundu. Nyekundu ni kazi ya mkono. Trei yangu! Ncha mia mbili, oda ya hospitali mpya, ili madaktari wapelekeane picha za wagonjwa. Inaondoka kesho. Na wenzangu walishazifuta kwa kitambaa, sukari na kila kitu. Sukari ikiburutwa juu ya kioo, inachora.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji kaniita kwenye hadubini, kaniambia nitazame. Mikwaruzo kama kuku wamepekua. Katikati, punje nyeupe.

"Shemeji, hii nini?"

Nikasema labda vumbi la dirishani. Akanikumbusha kwamba chumba hakina dirisha. Halafu akasema biskuti za dada yake anazijua, kalelewa nazo.

Nikamwaga yote. Nikalia kidogo. Hapana, shajara haidanganywi: nililia sana. Nikamwambia nina miaka hamsini na tatu, na mikono hii haijui kitu kingine. Nikitoka hapa, nani atanichukua? Shemeji akazima hadubini. Kisha akasema, "Funga hiyo koki ya machozi. Lete trei."

Tukazipitisha zote kwenye mashine, ishirini na nne, ishirini na nne. Kwa vipimo vyangu vya uongo! Mikwaruzo ikayeyuka yote. Saa kumi gari la hospitali likaondoka na oda kamili. Nimelibusu lile bati. Nikalifuta haraka.

Ijumaa, 13 Juni

Meneja kaniita. Nimeingia nimeshavua koti la kazi, nimelikunja vizuri, nalikabidhi. Akaniuliza nasikia joto?

Kumbe Injinia anaondoka, na kaandika kwamba mlezi wa mashine niwe mimi, maana ndimi niliyeifundisha. Shemeji akaulizwa maoni. Akakohoa kwa muda. Akasema bidii yangu anaijua vizuri.

Nimebaki! Nimetoka ofisini miguu haigusi sakafu. Pumzi niliyoishusha ingeweza kuzima jiko. Nyumbani mke wangu kanikumbatia, kisha kaniambia mdogo wake alishampigia simu. Nimesamehewa. Naosha vyombo mwezi mzima. Nimeosha leo huku naimba.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza ya ulezi. Mashine imefanya kazi asubuhi hadi jioni, haijanihitaji hata mara moja. Meneja kapita mara mbili, kanikuta nimekaa. Hatari! Mlezi asiyeitwa, siku moja ataitwa aage.

Lakini nimefikiri. Nyuma kuna skrubu ndogo. Nikiilegeza kila Jumatatu, mashine italia. Nitaitwa mbio. Nitaikaza. Nitashukuriwa. Nani atajua?

Shemeji kaniuliza bisibisi ya nini. Nimemwambia nachokonolea meno.