Posa ya Gari la Kijani

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Leo gari limenguruma! Miaka sita mume wangu Mwishehe analifunga na kulifungua, leo limenguruma. Mapacha wakaanza kulia. Mavyaa, mama yake Mwishehe, akatoka mbio uani udhu haujatimia, akidhani dunia imekwisha.

Niandike kwa mpango, maana mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema anayeandika kila siku hasahau herufi. Gari ni la Kiingereza, la spoti, la zamani. Lina M na G puani. Rangi ya kijani. Pua ndefu kama ya punda aliyenuna, magurudumu yana spoki kama baiskeli. Bwana mkubwa wa shamba la mkonge alilitelekeza kwenye banda la kuku, na alipokwenda kwao akamwambia Mwishehe achukue. Mwishehe akachukua, na kuku wawili ndani.

Sasa ubaya wake. Gari linalala chumbani, sisi tunalala ukumbini! Mwishehe anasema likilala nje chumvi ya bahari italila bati. Alibomoa ukuta wa mbele, akaliingiza, akaziba kwa makuti. Mimi na Kulwa na Doto tuko kwenye mkeka, njia ya kwendea uani, na kila alfajiri mavyaa akienda kutia udhu anamkanyaga mmoja wetu. Jana ilikuwa zamu ya Doto. Wanangu nao wanataka chumba, wawe na ukuta wa kuegemea wakijifunza kusimama. Nimewaahidi. Hawajui maneno lakini wamenisikia.

Na Mwishehe amekubali kuliuza! Ila kachora kibao, GARI LINAUZWA, kakitundika kwenye mnazi wa barabarani. Ana wazimu? Kitu kizuri hutundikwa mnazini? Marehemu mama yangu alikuwa kungwi, kafunda na kuoza wanawali wa mji mzima, mimi najua kitu kinavyotafutiwa mwenyewe. Unakificha ndani. Unakipamba. Unangoja posa. Mwishehe akasema, hili ni gari, Mize. Nikamwambia ndiyo, na bado halijaolewa. Akajikuna kichwa kwa spana.

Kibao nimekitupa ng'ambo ya ukuta. Kikatoka kichwa cha jirani yetu Ashatu, muuza vitumbua, kuuliza nani anampiga na mbao. Akasema, shoga, gari lenyewe la watu wawili, na nyinyi mnavyozaa kwa jozi, nani atapanda na nani atakimbia nyuma? Wivu tu. Shemeji yake ana gari, Pijo la viti saba la kuchukulia maharusi, halijawaka tangu mwaka jana. Kunguru wametaga ndani.

Jumanne, 4 Agosti

Mchumba wa kwanza! Mwalimu Tarcis wa misheni. Kaja kwa miguu, bahasha nono mfukoni, kapiga hodi, kaomba kuliona gari. Nikasimama mbele ya makuti. Nikamwambia kwa adabu kwamba kwetu haonwi mtu hivi hivi. Alete mshenga kwanza, wazee wakae, wazungumze. Akacheka. Mimi sikucheka. Akauliza, basi hata taa moja, dada? Nikasema hata ukucha. Akafuta miwani, akaaga.

Vizuri kabisa. Moto umeshika. Kesho atarudi na mjomba wake.

Jumatano, 5 Agosti

Hakurudi. Anajivuta. Ni dalili ya mapenzi.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo nimelisinga gari. Mwishehe kaenda gereji, nikakuna nazi, nikatoa mafuta, nikachanganya na liwa na marashi kidogo. Nikalipaka lote, kuanzia pua mpaka lile gurudumu la mgongoni. Linang'aa! Linanukia kama bibi harusi wa watu wenye uwezo! Nikaweka chetezo cha udi chini ya kiti, harufu iingie ndani. Kulwa akalia. Nikaenda kumnyonyesha, usingizi ukanipitia.

Kiti kimeungua. Tundu kama sahani. Springi imetoa kichwa.

Kiti hicho Mwishehe alikishona kwa mkono wake, mbele ya kibatari, mimi nikiwa na mimba.   Aliporudi alitia vidole kwenye tundu akakaa hivyo. Nimefunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, chenye ua la bluu katikati. Naona kiti kimependeza kuliko mwanzo.

Paka wa Ashatu kalilamba gari mlango mzima.

Jumamosi, 8 Agosti

Posa! Posa! Posa!

Mzee Msabaha kaja kama mshenga, na kanzu iliyopigwa pasi. Shikamoo, marahaba, hali za watoto, hali za majirani, mvua, ndipo akakohoa. Wamesikia humu ndani mna ua, wamekuja kulinusa. Mavyaa akamjibu ua lipo, ila ajihadhari na mafuta. Mambo hayo! Nilijua!

Mposaji ni Bwana Ausi, mkubwa wa ushirika. Lakini kwa siri. Bwana Ausi anagombea kwenye uchaguzi, na kila Jumapili anapanda jukwaani sokoni kuwasema mabwanyenye wenye magari na tumbo. Kwa hiyo gari litakaa shambani kwake Kiwangwa, ataliendesha humo humo katikati ya mananasi, na kwenye karatasi litakuwa la mama mkwe wake. Mkewe asijue. Watu wasijue. Anataka jambo moja tu, kesho asubuhi alijaribu kidogo, njia ya nyuma ya mashamba, kisha Jumatatu analichukua.

Jumatatu chumba kitakuwa chetu!

Mwishehe akasema haina neno. Nikasema ina neno. Mwari hatoki na mchumba peke yake, lazima afuatane na somo wake, kungwi wake. Na somo wa gari hili ni mimi. Mzee Msabaha akasema hiyo ni haki, hata kwao ni hivyo. Mwishehe akatoka nje kunawa uso.

Jumapili, 9 Agosti

Nitaandika yote.

Asubuhi nimelivika gari shada la asumini puani. Bwana Ausi kaingia kwa mlango wa uani, miwani myeusi, kofia ya pama imeshuka mpaka masikioni. Viti viwili. Cha usukani yeye. Cha pili changu mimi somo. Mara mavyaa katokea, buibui jipya, uso kaufunika, akapanda akaketi. Akasema mwenye nyumba ni yeye. Sasa mtu mzima utamtoa vipi kitini? Mimi na mapacha tukakaa nyuma juu ya turubai lililokunjwa. Mwishehe akasimama kwenye ubao wa kukanyagia upande wa kulia, aangalie breki. Mzee Msabaha akasimama upande wa kushoto, kwa ajili ya heshima.

Njia ya nyuma ni vumbi tupu. Vumbi na mafuta ya nazi vinapendana kuliko nilivyofikiri. Mashamba hayajesha, gari limekuwa jekundu, kioo chekundu, sisi wekundu. Bwana Ausi akapaza sauti kwamba haoni. Mwishehe akamwambia kata kulia, bwana, kulia! Akakata kushoto.

Kushoto ni sokoni.

Sasa gari lina asumini puani. Mbele kakaa mwanamke kajifunika gubigubi. Ubavuni mzee wa kanzu. Nyuma mama na watoto. Hapa kwetu nani asiyejua hiyo ni nini? Ashatu alikuwa kwenye karai lake la vitumbua. Kigelegele cha kwanza ni chake. Harusi! Wanawake wakatua vikapu. Matari sijui yametoka wapi. Bwana Ausi akapiga honi ili wampishe. Honi! Kwenye harusi! Wakazidi kushangilia, wakalizunguka gari wakicheza.

Kisha kofia ikaanguka. Mtu mmoja akapiga ukelele, jamani ni Bwana Ausi! Kaongeza mke! Mwingine akadakia, na kamchukua kwa gari la kibwanyenye! Nikamtazama mavyaa aseme neno, afunue uso, tuokoke. Mavyaa akainamisha kichwa kwa haya. Mjane wa miaka mingi, kainamisha kichwa kama mwari!

Gari likazimika mbele ya jukwaa. Jukwaa lile lile. Bwana Ausi akaruka kukimbia, ile springi ikamshika suruali, akajivuta, akaenda zake mbio na kitambaa changu kikining'inia nyuma. Ua la bluu katikati. Lilionekana mpaka alipopinda kona.

Tumesukuma mpaka nyumbani. Mavyaa hakushuka.

Jumatatu, 10 Agosti

Mke wa Bwana Ausi kaja na dada zake kumtazama mke mwenza. Nikasema nimekufa. Mavyaa akawapokea na wanja machoni, akawaambia bado anafikiria. Birika mbili za chai ndipo wakaelewana.

Mzee Msabaha kaleta salamu. Posa imevunjika, na Bwana Ausi hajawahi kuliona gari hilo wala hajui kuendesha.

Mwishehe kutwa analiosha gari kwa mafuta ya taa.  Doto anakohoa kwa upepo wa ule mlango wa uani. Nimemfunika kanga yangu, nikawaomba radhi wote wawili kwa ile ahadi. Kulwa akanishika pua, akacheka. Hapo ndipo nilipolia hasa.

Jioni Mwalimu Tarcis kapita na pikipiki mpya. Akasema Jumanne ile alikuja na bahasha imejaa, alikuwa tayari. Pole yake. Angekuwa na adabu akaleta mshenga, leo angekuwa na gari.

Jumatano, 12 Agosti

Nimefikiri nikapata. Mimi sikukosea popote. Ubaya ni viti viwili! Watu wa hapa nani husafiri wawili?

Na Mungu si Athumani, Ashatu kaja mwenyewe ukutani. Tubadilishane, shoga, nyinyi mtupe gari, shemeji yangu awape lile Pijo. Viti saba kwa viwili, na kimoja kina tundu! Nikakubali kabla hajamaliza. Nikamwona mjinga, nikamhurumia.

Nilidhani Mwishehe atalia. Akafungua boneti ya Pijo, akatoa kiota cha kunguru, akachungulia. Hamna kinachofanya kazi humo hata kimoja. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ijumaa, 14 Agosti

Pijo limeingia! Ni refu kidogo. Imebidi kubomoa ukuta wa pili. Kichwa kiko chumbani, mkia uko ukumbini. Mkeka hauna tena pa kutandikwa, kwa hiyo tunalala ndani ya Pijo. Kulwa ana kiti chake, Doto ana kiti chake, wanasimama wakishika migongo ya viti! Mavyaa kachukua cha mbele, kajifunika buibui, anatazama barabara.

Ashatu maskini hajui biashara. Kaokota kile kibao cha Mwishehe nilichokitupa, kakitundika mnazini. Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka. Kabla ya adhuhuri Mzungu mmoja anayekwenda kuogelea kasimama, kasoma, kalipa, kaondoka na lile gari la kijani. Hata halikusingwa! Limeondoka kama mtoto asiye na kwao. Sasa Ashatu anaongeza chumba na kuezeka bati. Atajuta.

Baada ya sala, hodi. Mwalimu Tarcis. Kwamba misheni wanatafuta gari la kubebea kwaya, hata bovu, mafundi wanao. Wamesikia habari za Pijo, na wako tayari kulivuta leo hii. Bahasha nono, mfukoni.  Nikawatazama wanangu.

Nikasimama mbele ya makuti, nikamwambia kwa adabu alete mshenga.

Nazi ziko jikoni, nimeshaanza kukuna. Hili ni refu, litakula mafuta mengi.