Donda Ndugu la Daktari Zubeiri

Mji wa Kismayu ulipoanza kunuka madonda, watu wenye haya walitafuta dawa, na Zubeiri akatafuta koti jeupe. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Wenye bunduki walikuwa wamepora kila kitu chenye bawaba, na katika kila mtaa kulikuwa na mtu aliyefunga mguu kwa kitambaa: huyu kapigwa na kipande cha chuma, yule kakatwa na mwamba akikimbilia majini. Wote walilalamika jambo moja, kwamba kidonda hakifungi. Kinavaa utando wa ute, kinanuka, kinakaa miezi, mpaka mwenyewe anaanza kukisalimia asubuhi. Donda ndugu, kwa jina lake.

Koti alilipata kwa kuikata kanzu ya marehemu babake juu ya magoti. Baba huyo, Fundi Mahmudi wa kisiwa cha Darakasi, alikuwa ameunda na kutengeneza madau maisha yake yote. Mwanawe hakuwahi kushika chombo cha kazi kizito kuliko kijiko cha chai.

Dawa nayo aliiokota kwenye duka lililovunjwa: mkebe mzima wa vidonge vya rangi mbili. Vilikuwa vidonge vya kweli, na jambo hilo lilimtatiza, maana hakuwa amezoea kuuza kitu cha kweli. Akalitatua siku hiyo hiyo. Alivifungua kimoja kimoja, unga wa dawa akautia kwenye chupa yake mwenyewe, na yale maganda akayajaza unga wa ngano.

Chupa ile ilikuwa ya mguu wake. Maana Daktari naye alikuwa na donda lake, kwenye kifundo cha mguu, alilolipata alipokuwa akimkimbia mteja juu ya mawe ya pwani. Alilificha ndani ya soksi ndefu ya mpira. Kila asubuhi alilinyunyizia dawa halisi mpaka likawa jeupe, na kila jioni ute uliimeza dawa yote na kubaki pale pale, unang'aa. Zubeiri aliwalaani waliotengeneza vidonge. Aliwaita matapeli.

Katika biashara alikuwa na mshirika, Famau, mtu mzima mrefu, mwembamba, mwenye subira nyingi, aliyelipwa kwa ahadi. Kazi ya Famau ilikuwa kuugua. Zubeiri alimpaka mguuni rojo ya unga wa muhogo na nyanya, akamwagia maji ya bamia yawe ute, akamalizia na kipande cha ini la papa kwa ajili ya harufu. Kisha alimtembeza sokoni akichechemea, akamfungulia kidonge juu ya donda mbele za watu, akamfunga kitambaa. Kesho yake kitambaa kilifunguliwa, na chini yake palikuwa na ngozi safi ya mtu aliyeoga.

"Allahu Akbar!" walisema watu.

"Msinishukuru mimi," alisema Zubeiri, akipokea.

Alipokea vikuku, sukari, mikeka, kuku mmoja aliyekuwa kipenzi cha mtu. Lakini hakuwa akiwinda kuku. Mjini zilivuma habari kwamba kundi la wapiganaji lililofukuzwa linarudi, na kila mji ulipobadilisha watawala, Wabajuni, watu wa pwani kama Zubeiri, waliporwa mara mbili, na wanaotoka na wanaoingia. Aliyekuwa na chombo na mashine angefika Kiunga, upande wa Kenya, akiwa hai. Asiyekuwa navyo angebaki kuwapokea wageni. Zubeiri alitaka mashine.

Na mwenye mashine alikuja mwenyewe. Huyu alikuwa Abdulqadir, mfanyabiashara aliyenunua kutoka kwa waporaji chochote kile, milango, sufuria, madawati, hata jeneza la msikiti. Alikuwa na kitambi cha wakati wa amani na donda la wakati wa vita, chini ya goti. Alikuwa ameona muujiza wa Famau, na wazo la kupona halikumchukua muda. Alilowaza ni zile kambi za wakimbizi kule Kenya, zilizojaa miguu mibovu, na yeye ndiye muuzaji pekee.

"Warya, daktari," alisema kwa mwito wa Kisomali, kama amwitaye mchukuzi. "Dawa hii unayo yote?"

"Iliyobaki ni kidogo, Haji. Nimewawekea mayatima."

"Mayatima watakupa nini?"

"Dua."

"Mimi nitakupa mashine ya boti."

Zubeiri aliwalilia mayatima kidogo, machozi halisi kabisa, halafu akauliza mashine iko wapi. Jioni Famau aliibeba begani, mashine nzuri yenye alama ya kuchomwa na moto kwenye mpini wake, akaifukia chini ya nyavu kuukuu katika nyumba iliyobomoka. Zubeiri aling'oa plagi yake akaitia mfukoni mwa suruali, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote. Hii ndiyo kasoro ya matapeli wote, hudhani watu wote ni kama wao.

Sasa alikuwa na mashine bila chombo. Na mguu ulikuwa umevimba, hauwezi kukanyaga mchanga, sembuse maji ya chumvi. Famau ndiye aliyesema, "Twende kwa Bi Khamisa."

Bi Khamisa alikuwa mjane aliyeosha madonda ya mtaa wake. Alikuwa na dau zuri ufukweni. Waporaji walichukua mashine yake na kuliacha dau, kwa kuwa hawakujua kulipiga makasia. Alimkalisha Zubeiri kwenye kigoda, akavuta soksi, akanusa, akatikisa kichwa.

"Nani alokwambia unyunyize dawa hapa juu?"

"Ni dawa ya kweli, bi mkubwa." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema maneno hayo na yakawa hivyo.

"Wewe mwana wa nani?"

"Wa Fundi Mahmudi wa Darakasi."

"Mahmudi!" Bi Khamisa akapiga makofi, Kibajuni kikamtoka, ambacho mtu ni mchu. "Mchu yule alikuwa hakipaki chombo shahamu ya kuzuia maji mpaka akikwangue utelezi wote, hata wenyewe wakamtukana kwa kuwachelewesha. Akisema shahamu juu ya ute ni kulisha samaki. Na wewe mwanawe wapaka dawa juu ya ute? Vijidudu vimejijengea nyumba humu, mwanangu. Huu utando ndio ukuta wao. Wewe wamwaga dawa kwenye paa, wao wamelala ndani."

Zubeiri aliona haya, na kwa kuwa hakuizoea hali hiyo, alidhani ni homa.

"Utanikwangulia?"

"Nitakukwangulia. Utanipa nini?"

Hapo ulimi ulikuwa nyumbani. Alisema ana mashine, yeye ana dau, basi Mungu amewakutanisha. Akipona tu atawapeleka wote Kiunga, Bi Khamisa, wajukuu wake, majirani na kuku wa majirani. Akaapa. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, akauliza, "Na hilo dau, mchu mmoja aweza kuliendesha peke yake?"

Bi Khamisa alimtazama Famau. Famau alitazama dari.

"Aweza," alisema Bi Khamisa. "Vua suruali."

"Donda liko kwenye kifundo, bi mkubwa."

"Usaha umefika kwenye pindo. Yatiwa kwenye maji ya moto. Jifunge shuka hii."

Zubeiri alisita. Plagi ilikuwa mfukoni, lakini mtu aliyeapa kuwachukua majirani na kuku wao atawezaje kuitoa plagi mbele ya mwenye dau bila kutiliwa shaka? Alivua.

Bi Khamisa alichemsha kijiko chenye makali, akaosha donda kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa, akalilainisha kwa siki, kisha akaanza kukwangua. Zubeiri alimwita mamake. Alipoona haji, aliwaita mama za watu wengine. Utando ulitoka vipande vipande, chini yake pakaonekana nyama nyekundu. Akapaka asali, akafunga kitambaa safi.

"Sasa meza hiyo dawa yako kwa maji. Ina pa kupita. Kesho tena."

"Kesho tena?"

"Ute hurudi, mwanangu. Ukiuacha siku, ushajenga."

Basi kila siku alikwanguliwa, kila siku alipiga kelele, na kila siku donda lilipungua. Harufu ikaisha. Usingizi ukarudi. Mguu ukapona kwa ukweli ambao hakuwahi kumpa mtu hata chembe, wala hakuona ajabu, maana watu wa aina yake huona kudhulumiwa ndiko dhambi na kutendewa mema ndiko haki yao. Aliulizia suruali yake. Aliambiwa haijakauka. Katika jua la Kismayu, suruali haijakauka! Na mjanja huyu, aliyewauzia watu unga wa ngano, akageuka upande wa pili akalala.

Alasiri moja, saa ambayo wenye bunduki wote wa mji huwa wameketi kutafuna mirungi na hawainuki hata kwa tetemeko, maji yalikuwa yamejaa. Zubeiri alikuwa amelala nyumbani kwa Bi Khamisa, katika chumba kinachoelekea bahari, mguu juu ya mto. Akasikia mashine ikiwaka. Mwanzoni alidhani anaota ndoto ya utajiri. Kisha akaruka dirishani.

Dau lilikuwa linatoka. Limejaa majirani na wajukuu, na ndiyo, kuku. Nyuma, mkono kwenye mashine, alisimama Famau, amevaa suruali ya Zubeiri, safi, iliyokauka, inamfika chini kidogo ya magoti.

"Bi Khamisa! Mashine yangu!"

"Yako?" Sauti ya mjane ilivuka maji vizuri. "Alama hiyo kaichoma mume wangu, Mungu amrehemu! Walikuja kuing'oa nami natazama! Asali nimekuachia uvunguni. Kwangua kila siku, usizembee!"

Zubeiri alikuwa bado anatafuta tusi la kumtosha Famau mlango uliposukumwa. Abdulqadir aliingia na vijana wawili wenye bunduki na mashavu yaliyojaa mirungi. Kumbe wengine huinuka, wakilipwa vizuri. Mguu wa tajiri ulikuwa wazi. Unga wa ngano, ukichanganyika na ute na joto, ulikuwa umeumuka kama maandazi, na sisimizi walikuwa wamepata habari.

"Warya, daktari."

Zubeiri alipima umbali wa dirisha. Mguu ulikuwa tayari kukimbia, mzuri kabisa, haujawahi kuwa mzuri hivyo. Shuka haikuwa tayari, na bunduki zilikuwa mbili.

"Haji," alisema, "hiyo ilikuwa hatua ya kwanza."

"Na ya pili?"

Zubeiri aliinama uvunguni akatoa chungu cha asali, siki na kijiko chenye makali, akaomba maji ya moto. Akakwangua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi, na aliifanya vizuri kwa kuogopa. Tajiri alipiga mayowe mpaka wale vijana wakacheka, halafu mmoja wao akapandisha suruali akaonyesha donda lake pia.

Kundi liliporudi mjini, Abdulqadir alikimbilia bara kwa lori, pamoja na milango, sufuria, madawati na jeneza. Daktari alipakiwa katikati ya mizigo, chungu mapajani, macho yakitazama upande wa bahari mpaka isionekane tena. Hakuna aliyemfunga kamba.

Asubuhi iliyofuata, hata chai haijachemka, tajiri alinyoosha mguu. Utando ulikuwa umerudi.