Taifa Lisiloonyesha Miguu

Jumatatu, 8 Februari 1999

Vita! Albano, mwenye kibanda cha video, anautaka ukumbi wetu wa kusomea. Miaka saba nimeulinda ukumbi ule hapa Chang'ombe, mie na makabati mawili ya vitabu. Leo huyu anataka kuingiza humo filamu za ngumi! Eti soko huria. Nimemjibu soko huria ni la vitunguu, si la akili. Akasema, "Mzee Badru, vitabu vyako vinasomwa na panya tu." Uongo mtupu. Hata panya siku hizi hawaji.

Felicitas, katibu wa mtaa, kaamua. Jumamosi kila mmoja wetu awaonyeshe wakazi jambo la kuelimisha. Watu wanyooshe mikono, atakayeshinda achukue ukumbi. Mada kaichagua Mzee Jayantilal wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa ndiye aliyetupa mabati ya paa: utamaduni wa Kihindi, kwa picha. Albano alicheka mpaka akakaa chini. Ana kabati zima la filamu za Kihindi. Mie nina kitabu kimoja cha jiografia. Picha moja. Ya mto.

Munira, mke wangu, kauliza kwa nini nisivuke barabara nikamuulize Mzee Jayantilal mwenyewe. Ushauri wa kivivu. Mtafiti haulizi jirani.

Jumatano, 10 Februari

Mjini, kwenye duka la intaneti. Dunia nzima ndani ya sanduku! Binti anayehudumia, Gladness, kaniamkia shikamoo, kaniandikia maneno niliyotaka, picha zikaanza kuja. Zinakuja kwa madaha, kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia linaloshushwa. Kilemba. Paji la uso. Macho. Pete ya puani. Kifua. Nikamwambia achape. Akasema, "Baba, bado inashuka, subiri kidogo."

Mbinu za kibiashara nazijua. Nusu saa yangu ilikuwa inakwisha, anataka nichukue nyingine. Nikamwambia chapa hivyo hivyo. Nimerudi na picha kumi na moja: bibi harusi, wacheza ngoma, mfalme, hata tembo aliyepambwa. Kumi na moja! Albano ajiandae.

Alhamisi, 11 Februari

UGUNDUZI! Nimezipanga picha sakafuni, nikazunguka, nikainama. Hakuna hata moja yenye miguu! Si bibi harusi, si mfalme. Wacheza ngoma, watu wanaoishi kwa miguu yao, hawana! Hata tembo! Maana yake iko wazi. Taifa lile kubwa linatukuza kichwa, linaficha miguu. Nimesoma vitabu vingi maishani, hakuna mwandishi aliyeliona hili. Nimeandika kurasa tisa bila kunyanyua kalamu.

Munira kasema labda picha hazikumaliza kufika. Nimemweleza tofauti ya kubahatisha na utafiti. Kasema sawa, na chai yangu imepoa.

Jumamosi, 13 Februari

USHINDI!

Albano alianza. Televisheni mbili, spika za kukodi, watu hadi madirishani. Mwimbaji akafungua mdomo. Umeme ukakatika. Mtaa mzima! Miluzi. Albano akaomba asubiriwe, akatoka mbio kutafuta jenereta. Nikapanda juu ya benchi. Karatasi haina waya!

Niliwapa nadharia yote. Nilinguruma. Nilipofika kwa tembo, Mzee Jayantilal akanyoosha mkono. Kwa upole akasema mkewe siku ya harusi alipakwa hina miguuni hadi juu ya vifundo, na ukoo mzima ukapanga foleni kuitazama. Na Munira, mke wangu mwenyewe, akadakia kutoka nyuma, "Hata mie nilipakwa, na wewe uliisifia!" Vicheko.

Mtu dhaifu angeshuka. Nikamuuliza Mzee Jayantilal kazaliwa wapi. Akasema hapa hapa Chang'ombe, nyuma ya duka. Nikawageukia wananchi. Basi! Ushahidi wangu umevuka bahari, wake umevuka barabara! Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja akadai tembo aonyeshwe tena. Mwingine akaniita Profesa. Alikuwa anafuta machozi, nadhani ya furaha.

Felicitas akahesabu mikono. Albano kumi na minne. Mie arobaini na mmoja! Ukumbi umebaki wa vitabu! Albano akarudi anasukuma jenereta, akakuta watu wanatoka. Wakamwambia, "Braza, umekosa. Tumecheka kuliko filamu zako zote." Wamesema hivyo kumtia uchungu tu.

Jumatatu, 15 Februari

Asubuhi Mzee Jayantilal kaja na kadi. Hana kinyongo, muungwana kweli. Mjukuu wake anaolewa Jumamosi. Kasema nimewekewa kiti cha mbele kabisa, nione hina, ngoma, moto wanaouzunguka maharusi, kila kitu, nikiuliza nijibiwe papo hapo. Munira keshatoa nguo sandukuni.

Nimemshukuru sana. Nimekataa kwa heshima zote. Munira atakwenda peke yake. Mie Jumamosi hiyo nimeshaweka nafasi kwa Gladness, tangu wanapofungua hadi wanapofunga. Natafuta picha za harusi ya Kihindi.