Ugumu Kidogo wa Bwana Hatakeyama

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo saa tisa na nusu alasiri nimepoteza chumba cha ushonaji. Si kwa hiari. Bwana Hatakeyama, makamu wa mwalimu mkuu, ameupokea ufunguo kutoka kwangu kwa mikono miwili, akainama, akasema ufunguo umefanya kazi nyingi, sasa upumzike kwenye droo yake. Kisa? Cherehani mbili, pasi na hita kwa pamoja, na fotokopi ya ofisini ikazima katikati ya kuchapa mitihani. Nyaya mbovu zao, lawama zangu!

Maonyesho ya Siku ya Utamaduni ni Jumatatu ijayo. Mshindi wa kazi za mikono hupewa gunia la mchele mpya. Mimi niliyejifundisha kushona mwenyewe kule Barbados, kwa mashati mabovu ya baba, sijawahi kupewa hata kikombe. Blanketi langu la viraka, vipande mia mbili na kumi vya kimono kuukuu, limebakiza pindo tu. Mita nane na nusu. Kwa mkono, wiki tatu. Kwa cherehani, jioni moja. Nautaka ufunguo.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimemwomba. Akavuta hewa katikati ya meno, sssss, kama aliyeungua na chai. Akasema hapo pana ugumu kidogo, Mwalimu. Kidogo! Mimi ni mtu wa hesabu. Kidogo ni asilimia ishirini, na hapo nimemzidishia. Themanini zilizobaki ni zangu.

Jioni nimekutana na Bi Kuwabara, bingwa wa kijiji miaka saba mfululizo kwa mipira yake ya mapambo ya nyuzi. Ameligeuza blanketi, akaligeuza tena, akasema kazi yangu ina sura yake yenyewe. Amekiri mwenyewe! Akanipa viazi vitamu vitatu. Rushwa. Nimevila.

Jumatano, 29 Oktoba

Makamu amesema ombi langu atalifikiria kwa moyo mkunjufu. Tumefika asilimia tisini na tano. Ufunguo bado uko drooni.

Mwalimu Ishizuka, tunayefundisha naye Kiingereza, akanivuta pembeni. "Wewe Selwyn, ameshakukatalia mara mbili. Unataka akuandikie ubaoni?" Nikamwambia sijasikia neno hapana. Akasema miaka sita nimekaa hapa, na sitalisikia. Wivu huo. Kushona kifungo tu kunamshinda.

Baada ya chakula nimeshona kwa mkono. Sentimita arobaini. Vidole vinne vimetoboka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepata njia! Leo nimefundisha maswali ya adabu: je, utachukia nikifungua dirisha? Asiyechukia hujibu hapana, na wewe unafungua. Darasa zima likakosea. Wote walikuwa wanajibu ndiyo, karibu, fungua. Nikasimama pale na chaki mkononi, nikamkumbuka Makamu.

Wakati wa chakula nimemkuta mezani pake ofisini, shavu limejaa samaki, droo iko wazi. Nikamuuliza kwa Kiingereza, mbele ya mashahidi: utachukia nikiuchukua ufunguo? Kiingereza chake ni maneno matatu, na hili alilitoa kwa nguvu zote: "Hapana!"

Mwalimu wa muziki akaangusha vijiti vyake vya kulia. Nasikia Makamu hajawahi kulitamka neno hilo hadharani tangu aajiriwe. Nikainama hadi kiunoni kwa shukrani, nikauchukua mbele ya macho yake. Akameza samaki wake. Sarufi ni sarufi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Cherehani, pasi, hita. (Vidole vikipoa, mshono unapinda.) Mita sita zimekwenda kama maji. Halafu giza! Kumbe ukumbini mwalimu mkuu alikuwa akiwahutubia wazazi, na kipaza sauti kimezimika kwenye neno "mafanikio". Makamu alikuja mbio na slipa moja. Safari hii hakuvuta hewa. Amechukua ufunguo, amechukua hita. Hata pasi ameibeba, ikiwa bado ya moto!

Pindo lililobaki nimelishika kwa pini.

Jumatatu, 3 Novemba

Bi Kuwabara ameshinda. Gunia limebebwa na mumewe, kapita nalo mbele yangu mara mbili.

Blanketi langu halikutundikwa. Waandaaji walisema ingefaa liwe mahali ambapo watu watalifaidi zaidi, wakalitandika kwenye kona ya chai. Wazee tisa wamelikalia mchana kutwa. Mpira wa nyuzi umekaliwa na nani? Kasoro ni Mzee Tamotsu tu, aliyeruka juu na kumwaga chai. Pini. Bi Kuwabara akaniambia kwa upole kwamba mwakani labda nijaribu kupanda maua. Ananiogopa.

Nimekaa, nimepiga hesabu zangu. Kosa halikuwa langu wala la umeme. Kosa lilikuwa kwenye swali: lilimwachia Makamu jibu moja tu la kunipa ufunguo. Nimeliandika upya, kwa lugha zote mbili, na kesho asubuhi litakuwa mezani pake:

"Bwana Hatakeyama, je, hutakuwa na pingamizi nisipokosa kupewa ufunguo wa chumba cha ushonaji? Naomba jibu la moja kwa moja, neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano saa mbili na robo asubuhi. Lolote kati ya hayo mawili litanifaa."