Kuhusu Kiko Changu Kifupi na Nafasi Yangu Mkekani

Kwa Mama MamTolo,
Mwenyekiti, Akina Mama Wavuta Kiko,
Qolweni.

Mheshimiwa Mama,

Natumaini goti lako limepata nafuu. Mimi mzima, ila nina donge moyoni, na aliyeliweka ni wewe.

Jumamosi, kwenye pombe ya akina Gqwetha, ulinitoa kwenye mkeka wa wazee ukaniketisha mlangoni na walioolewa juzi, mimi mwenye miaka sitini na tisa, eti kwa sababu kiko changu kipya hakizidi urefu wa kidole. Nikakutupia kile changu kirefu cha zamani palepale, nikakwambia kachochee moto. Nilikosa adabu, nakiri. Hoja zangu hata hivyo ni hizi:

1. Kiko kirefu hakibebeki. Pale zahanati niligeuka kidogo tu kwenye foleni, mrija ukamvua Mzee Sandlana kofia mbele ya muuguzi. Kifupi nakichomeka kwenye kilemba, wala hakuna ajuaye.

2. Kirefu hakijui haraka. Uzibue mrija, ushindilie tumbaku, uwashe. Muuguzi keshaniita mara mbili na kunipita. Kifupi ni mafunda sita tu, naitika nikiwa na akili zangu timamu.

3. Mwasema urefu wa mrija ndio heshima ya mwanamke. Haya, Nofezile, mwenzetu wa mkekani, mrija wake unafika magotini. Mbona kuku wangu alionekana kwenye sufuria yake?

4. Hili ndilo lililoniuma. Mwasema mama huvuta kirefu ili majivu yasimwangukie mtoto aliyempakata. Nikauliza, mtoto yupi? Nofezile akadakia: "Mwacheni na kijiti chake, jamani. Mapaja yake yana nini cha kuungua?" Mkacheka wote, na wewe ukiwemo. Mwanangu Mzoxolo ana miaka kumi na mmoja kwenye ndoa bila mtoto, na mnajua fika. Nililia njia nzima.

5. Kwa hiyo naomba viko vyote vya Qolweni vikatwe kwa msumeno vilingane na changu, tukianza na cha mwenyekiti. Vipande nipewe mimi, nizungushie banda la kuku.

Nisiporudishiwa nafasi yangu, naanzisha mkeka wangu. Mwanachama mmoja tayari ninaye, na ndiye mimi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, pamoja na yule mbuzi mgonjwa. Nofezile usimsalimie.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Nosayinethi, MamBhele

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, mara Bulelwa, mke wa Mzoxolo, akaingia kutoka Rustenburg wanakoishi, na mtoto mgongoni. Ana wiki sita! Walinyamaza kwa kuogopa midomo ya watu. Tangu asubuhi mjukuu wangu amelala mapajani pangu. Niliwasha kile kifupi mara moja, nikaona jivu linavyoning'inia juu ya kichwa chake, nikakizima. Tafadhali, Mama, kama hujakitia motoni, naomba kiko changu kirefu. Akilete Nofezile mwenyewe, aje aone mapaja yangu yana nini.